HODI KABLA YA KUINGIA: NILICHOJIFUNZA MEZANI KWA AFISA UHAMIAJI KULE NGAZIJA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, wiki hii vijana watatu wameniandikia, na wote swali lao ni moja. Wanasema: "Sheikh, tumesikia kwenda Komoro ni rahisi, huombi viza, unapanda ndege tu. Ni kweli?" Wa tatu akaongeza neno lililonikosesha usingizi: "Na nikishafika, naweza kusogea mbele?"

Nimewajibu kila mmoja pembeni. Lakini nimeona jibu hili si lao peke yao. Na mimi nina deni juu ya jambo hili, deni la tangu mwaka 2019. Leo nalilipa mbele yenu. Nakuomba usome mpaka mwisho, usiishie kwenye yale yanayokufaa tu.

Kwanza nikupe unachokitaka.

Si kweli kwamba Komoro haina viza. Viza ipo, na karibu kila mgeni anaihitaji. Ila tofauti na nchi nyingi, unaipata ukifika, pale pale uwanja wa ndege wa Hahaya, kaskazini ya Moroni. Kutoka Dar es Salaam mpaka huko ni karibu kilomita 700 tu. Hujamaliza kusoma nyiradi zako za safari, umefika.

Nilipokwenda mimi, mambo yalikuwa hivi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele. Uwe na tiketi ya kurudi. Useme unafikia wapi na kwa nani, pamoja na namba ya simu ya mwenyeji wako. Useme unakuja kufanya nini. Ulipe ada, wakati ule ilikuwa euro 30, fedha taslimu mkononi. Ukitimiza hayo unapigiwa muhuri wa siku 45. Pesa ya huko ni faranga ya Komoro, nayo imefungwa na euro, kwa hiyo ukibeba euro hutapata tabu. Taratibu na ada hubadilika, basi kabla hujanunua tiketi pita ubalozi wao hapa Dar es Salaam uulize. Kuuliza si aibu. Aibu ni kurudishwa mlangoni na mabegi yako.

Hayo ndiyo masharti ya karatasi. Sasa twende kwenye masharti ya moyo, kwa sababu hapo ndipo mimi niliposhindwa.

Ndugu yangu, viza ni nini? Watu wengi wanaiona ni kikwazo cha serikali, kitu cha kukwepa. Mimi nakwambia viza ni hodi. Katika Suratun Nur, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na aya inayofuata inatufundisha kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba huko ndiko kutakasika zaidi. Nyumba ina wenyewe, na mji una wenyewe, na kisiwa kina wenyewe. Anayepiga hodi huulizwa: nani? Unatoka wapi? Una shida gani? Utakaa kwa muda gani? Ukitazama ile fomu ya uhamiaji utakuta maswali ni hayo hayo aliyokuwa akiuliza bibi yako akiwa ndani, mlango umefungwa.

Na zile siku 45 nazo ni adabu ya zamani. Katika Suratul Ahzab, waumini walifundishwa kwamba wakialikwa nyumbani kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, waingie, na wakishakula watawanyike, wasibaki wakivuta mazungumzo. Mwenyeji anaona haya kukwambia uondoke. Basi wenye nchi wamekuandikia tarehe kwenye pasipoti ili usiwatie haya.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nilikwisha kuyadarisisha. Sasa sikiliza kisa changu.

Dada yangu aliolewa na Mngazija zaidi ya miaka thelathini iliyopita, akahamia kwa mumewe Itsandraa, mji wa zamani ulio jirani na Moroni. Wanafunzi wa dini wanaujua mji huo, ndiko alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumayt mwaka 1861, yule aliyekuja kuwa kadhi mkubwa wa Unguja na akafia huko mwaka 1925. Tangu enzi hizo sisi na wao tunasomeshana, tunaozana na tunazikana. Dada yangu, Allah amrehemu, alifariki na kuzikwa huko. Mimi sikuwahi mazishi. Ilinichukua miaka miwili kupata nauli ya kwenda kusimama kwenye kaburi lake na kuwaona wapwa zangu.

Alipojua nasafiri, mama mmoja wa mtaani kwetu Temeke alikuja na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mbili. Kijana huyu nilimsomesha mimi tangu alifu. Mama akasema: "Sheikh, mchukue mwanao akusindikize, akusaidie na mizigo, akaone na dunia. Nauli yake tumekwisha kuipata." Nikafurahi. Mtu wa umri wangu kusafiri na kijana ni raha.

Lakini, wallahi, dalili niliziona. Safari ni ya wiki tatu, yeye amebeba mabegi mawili makubwa. Uwanja wa ndege mama yake alilia kilio ambacho mtu halilii kwa wiki tatu. Na tiketi yake ya kurudi ilikuwa karatasi ya nafasi iliyoshikwa tu, haijalipiwa. Niliisoma kwa macho yangu. Nikaikunja nikamrudishia. Nikajiambia, mambo ya vijana hayo, si juu yangu.

Tukashuka Hahaya. Ukitoka kwenye ndege unaona mawe meusi ya volkano ya Karthala mpaka baharini. Tukapanga foleni. Afisa alikuwa kijana mpole, anaongea Kiswahili cha Dar es Salaam kwa sababu aliwahi kukaa kwetu. Kijana wangu akampa shikamoo, naye akachukua pasipoti akasema "marahaba". Kwa wenzetu hilo neno ni "asante". Tukacheka wote watatu. Hali ilikuwa nzuri namna hiyo.

Akaniuliza: "Sheikh, umekuja kwa ajili gani?" Nikasema kuzuru kaburi la dada yangu na kuona jamaa. Kweli tupu.

Akamtazama kijana. "Na huyu?"

Nikasema: "Huyu ni mwanangu."

Ndugu yangu, hapo ulimi wangu uliteleza kwa makusudi. Kwetu sisi kila kijana wa mtaani ni mwanangu, hilo sote tunalijua. Lakini afisa hakuniuliza mapenzi yangu. Aliuliza nasaba na sababu ya safari, na mimi nilijua anachouliza. Akatazama kanzu yangu, akatazama kofia, ile karatasi ya tiketi akaiona nusu tu, akaandika. Akaandika jina la shemeji yangu kuwa mwenyeji wa wageni wawili, mtu na mwanawe. Akagonga mihuri. Siku 45 kwa 45.

Siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, kijana hakuonekana. Shuka ameikunja vizuri. Begi moja limebaki, jingine halipo.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo mtu wa bara pengine halijui. Visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Katika kura ya mwaka 1974 Maore ilikataa kuondoka kwa Wafaransa, na vile vitatu vikatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Ufaransa ikabaki Maore, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili. Serikali ya Komoro mpaka leo inasema Maore ni yake. Kwa miaka mingi watu walikwenda na kurudi, maana ni ndugu wa damu. Kisha mwaka 1995 Ufaransa ikaweka viza kati ya Maore na visiwa vingine. Kutoka Nzwani kwenda Maore ni kama kilomita 70 za maji. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa boti ndogo za uvuvi wanazoziita kwasa, zimejaa kupita kiasi, na waliozama wanahesabiwa kwa maelfu. Kina mama na watoto wachanga. Na siku hizi hawavuki wenyeji peke yao, wanakuja watu kutoka bara wakiifanya Komoro kuwa njia ya kufika kwenye ardhi ya Ufaransa.

Ndiyo maana nilipoisoma ile kauli ya "kusogea mbele" wiki hii, nilikaa kitako.

Mimi sisemi kwamba ile viza ya mwaka 1995 ni ya haki. Kuwawekea ndugu ukuta baharini ni msiba, na wenye kuuzungumzia wauzungumze. Ninachokwambia ni kwamba dhuluma ya mlango mmoja haikupi ruhusa ya kudanganya kwenye mlango mwingine. Wale waliotufungulia Hahaya hawakutudhulumu chochote.

Nirudi Itsandraa. Shemeji yangu ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, mtu mwenye heshima yake mjini, amekwisha kutimiza ada zote za kwao. Nikamwambia tusubiri, huenda kijana atarudi. Akanijibu: "Mgeni wangu amepotea, na jina langu liko kwenye karatasi yake. Lazima niwaambie wenyewe." Akavaa kanzu yake na joho, akachukua bakora, tukaenda kwenye ofisi ya uhamiaji.

Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Tulipoitwa, afisa akamuuliza yeye, si mimi: "Huyu kijana ni nani kwako?" Shemeji yangu akajibu kwa utulivu kabisa: "Ni mtoto wa shemeji yangu. Ni mpwa wa marehemu mke wangu."

Uongo ulikuwa wangu, lakini ulitoka katika kinywa cha mtu msafi asiyejua kwamba anasema uongo. Nami nimekaa pembeni yake, tasbihi mkononi, kimya.

Tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake benchi lile lile. Alikuwa na maumivu ya magoti, kila baada ya muda anasimama, anajinyoosha, anakaa. Watu wanaomfahamu wanapita wanamwamkia na kumtazama, wanajiuliza mzee huyu ana kesi gani. Nikanyamaza tena. Usiku ule msikiti wa mtaa uliniomba nizungumze baada ya Isha. Nikasema mafua yamenikaba. Huo nao ulikuwa uongo. Uongo, ndugu yangu, hausafiri peke yake, huja na jamaa zake.

Usiku huo nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, pale Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alipowatajia maswahaba madhambi makubwa kuliko yote. Alitaja kumshirikisha Mwenyezi Mungu, akataja kuwaasi wazazi, naye ameegemea. Kisha akakaa sawasawa, akataja ushahidi wa uongo, akaurudia, akaurudia, mpaka waliokuwepo wakatamani laiti angenyamaza. Nimeisoma hadithi hiyo kwenye mimbari mara nyingi. Siku zote nilidhani inawahusu watu wa mahakamani. Sikujua kwamba hata kimeza cha uhamiaji ni mahali pa ushahidi. Na katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa wa karibu.

Siku ya tatu tukarudi kwenye benchi. Tulipoingia nikasema kabla sijaulizwa: "Yule si mwanangu. Ni mtoto wa jirani yangu. Mimi ndiye niliyesema ni mwanangu pale Hahaya, na mzee huyu amerudia maneno yangu bila kujua."

Afisa alinitazama kitambo. Hakufoka. Akachukua kalamu, akakata neno moja kwenye faili, akaandika jingine juu yake. Kisha akasema: "Sheikh, ungetwambia hivi siku ya kwanza, tungeanza kumtafuta siku ya kwanza." Basi. Hilo tu. Wallahi afadhali angenitukana.

Shemeji yangu hakuniambia neno njia nzima. Tulipofika nyumbani akawaambia wapwa zangu: "Mwekeeni mjomba wenu chai." Mpaka leo hajawahi kunilaumu. Na mimi mpaka leo nikimpigia simu sauti yangu huwa ndogo.

Siku ya tisa kijana akapiga simu kutoka Mutsamudu, Nzwani. Dalali alichukua pesa yake yote, wakapelekwa pwani ya upande wa Domoni usiku, boti ikajaa, wengine wakaachwa mchangani. Yeye alikuwa mmoja wa walioachwa. Nikawaarifu uhamiaji kama nilivyoahidi, nikapanda boti ya abiria kumfuata. Nilimkuta amekaa barazani mwa msikiti, nguo ni zile zile, simu ya mama yake ameiuza.

Nikataka kumkaripia. Akaniwahi: "Sheikh, si wewe uliyesema mimi ni mwanao? Mbona kule kwenye ndege hukuniuliza kitu?"

Sikuwa na jibu. Na yeye alikuwa na haki. Nilimwona na mabegi mawili, nikaona na tiketi yake, nikanyamaza ili safari yangu isiharibike. Kama kweli ningekuwa baba yake, ningemshika mkono pale pale Dar es Salaam nimuulize: mwanangu, unakwenda wapi?

Tukakopa, tukamkatia tiketi ya kweli. Tulitoka Hahaya siku ya ishirini na moja, siku zetu zikiwa bado zipo. Afisa wa kutoka akatazama muhuri, akahesabu, akasema "marahaba". Safari hii hatukucheka.

Kijana sasa anaendesha bajaji hapa mjini, ana mke na mtoto. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina lake. Ile boti iliyomwacha nimeulizia sana. Hakuna aliyeweza kuniambia kama ilifika.

Sasa wewe unayetaka kusafiri, nakuusia mambo manne.

La kwanza, sema sababu yako ya kweli. Unakwenda kutembea, sema kutembea. Unakwenda kununua bidhaa, sema biashara, hata kama ada au karatasi zitaongezeka. Usijifiche nyuma ya harusi ya mtu wala msiba wa mtu.

La pili, tiketi ya kurudi iwe tiketi. Karatasi ya kubuni ni uongo uliopigwa chapa. Na siku ulizopewa ni ahadi. Suratul Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza makubaliano, na muhuri ule ni makubaliano. Ukipatwa na ugonjwa au dharura, nenda ofisini kabla ya siku kwisha ukaombe kuongezewa.

La tatu, ukiulizwa afya yako, sema kweli. Mwishoni mwa Januari 2024 boti iliyotoka kwetu Tanzania ilifika Moroni ikiwa na wagonjwa wa kipindupindu. Mwezi wa Februari mlipuko ukatangazwa, ukaenea visiwa vyote, Nzwani ikaumia zaidi, na waliokufa walipita mia. Simlaumu yeyote katika waliokuwa ndani ya boti ile, mgonjwa hajichagulii. Lakini ujue kisiwa ni kitu kidogo. Mtume wetu alitukataza kuingia mji wenye tauni na kutoka katika mji wenye tauni, na hekima yake ni hii hii.

La nne, na hili ni la wazee wenzangu, maimamu na wazazi. Usimdhamini mtu usiyemuuliza. Barua zetu, kanzu zetu na neno "mwanangu" vinafungua milango. Kila mlango tunaoufungua kwa uongo, kuna mzee wa watu atakaekaa kwenye benchi kwa ajili yake. Ukiona mabegi mawili, uliza. Mama akilia kupita kiasi, uliza. Swali moja la nyumbani linaweza kumzuia mtu asifike mchangani usiku.

Na yule kijana wa tatu aliyeniuliza kama anaweza kusogea mbele: nimekujibu pembeni, na narudia hapa. Njoo msikitini baada ya Maghrib. Sitakusema. Tutakaa, unieleze shida iliyokufikisha huko, tuangalie pamoja la kufanya. Safari hii nataka kuuliza mapema.

Ewe Mwenyezi Mungu, tujaalie kuingia kwa ukweli na kutoka kwa ukweli. Wahurumie waliozama kati ya Nzwani na Maore, wafariji wazazi wao. Mrehemu dada yangu, na mpe afya mwenyeji wangu, na unisamehe mimi niliyemkalisha kwenye benchi. Aamin.

Kama kuna ndugu yako anajiandaa na safari, mtumie ujumbe huu kabla hajafunga begi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.